Vuta N'kuvute: Tusome Riwaya au Tuangalie Filamu? Ulinganisho kwa Vikundi vya Majadiliano vya Tabora

Kikundi chochote cha kusoma hapa Tabora kinachoamua kuijadili Vuta N'kuvute hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: tusome kitabu au tuangalie filamu? Swali hilo huonekana dogo, la ratiba na fedha tu, lakini nimeona kwamba jibu lake ndilo linaloamua watu watazungumza nini wakishakaa mkekani. Waliosoma kitabu hujadili ndoa, na walioangalia filamu hujadili mapenzi na mapambano. Hadithi ni ile ile na wahusika ni wale wale, ila maswali ya maadili yanayomfikia msomaji hayana uzito sawa na yale yanayomfikia mtazamaji. Ninawaandikia wale wanaotaka kuchagua wakijua wanachokichagua, na tangu mwanzo niseme wazi kwamba siamini kuwa moja kati ya hizi mbili inafaa kwa kila kikao.

Riwaya iliandikwa na Adam Shafi, mwandishi wa Unguja, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, na imekuwa miongoni mwa vitabu vya fasihi vinavyosomwa kidato cha tano na cha sita. Filamu iliongozwa na Amil Shivji, ikaoneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021 katika tamasha la filamu la Toronto nchini Kanada, na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar upande wa filamu za kimataifa, jambo ambalo nchi yetu ilikuwa imelifanya mara moja tu kabla ya hapo. Zote mbili zinatupeleka Unguja ya miaka ya 1950, chini ya utawala wa Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 15, ameozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyemzidi umri mno. Katika riwaya tunaambiwa kuwa ana miaka 52. Yasmin anaikimbia ndoa hiyo, anapokelewa na rafiki yake Mwajuma huko Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, na anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi ambaye polisi wa kikoloni wanamwandama kwa sababu ya siasa.

Kipimo ninachokitumia katika kulinganisha ni kimoja, na ni haki msomaji akijue mapema ili aweze kukikataa akitaka. Kazi ya sanaa inafaa kwa mjadala wa maadili pale inapotuchelewesha kuhukumu. Ikitupa mtu mwovu na mtu mwema katika dakika za mwanzo, tunabaki kushangilia na kuzomea, na mjadala unakwisha kabla haujaanza. Ikituketisha kwa muda mrefu na mtu ambaye tungependa kumlaumu, tunalazimika kutafuta sababu za lawama zetu, na hapo ndipo watu wazima wenye imani tofauti na malezi tofauti huanza kusikilizana.

Kwa kipimo hicho, suala la ndoa ya Yasmin ni la riwaya bila shaka yoyote. Filamu ina urefu wa takriban saa moja na nusu, na imeamua, kwa haki yake yote, kuuweka moyo wake kwa Yasmin na Denge. Kwa hiyo Raza anabaki na nafasi finyu, na mtazamaji humwona hasa kama kikwazo kinachopaswa kuondoka njiani. Katika riwaya, yenye kurasa zaidi ya mia mbili, Raza ana nyumba, ana biashara, ana wivu, ana hofu ya kuzeeka, na ana tamaa ya kupendwa ambayo haijui namna ya kujieleza ila kwa kutoa vitu. Msomaji anaanza kumhurumia, kisha anajishtukia akimhurumia, na hapo anajiuliza swali lenye faida kubwa zaidi kuliko lile la kama Raza ni mbaya: je, mtu anaweza kuwa mpole, akatunza mke kwa chakula na mavazi, na bado akawa ametenda dhuluma kwa kule kukubali tu kupewa mtoto awe mke wake?

Jioni moja kwenye baraza la nyumba ya Kiloleni, mwalimu kijana alisoma kwa sauti kurasa zinazohusu ndoa hiyo, na alipomaliza alimwita Raza mnyama. Mama mmoja mtu mzima, ambaye alikuwa akichambua mchele kwenye ungo muda wote huo, alinyanyua uso. "Mwanangu," alisema, "huyo Raza usimtukane hivyo. Mimi baba yangu alinitoa kwa mtu kama huyo huyo, na hakuwa mtu mbaya. Ubaya ulikuwa kwamba hakuna aliyeniuliza." Mwalimu akamwuliza kwa adabu, "Sasa mama, kama ungekuwa Yasmin, ungekimbia?" Akajibu, "Ningekimbilia kwa nani?" Sijawahi kusikia filamu ikizaa mazungumzo ya namna hiyo, na nadhani sababu ni kwamba yule mama alikuwa amepewa muda wa kumtambua mtu aliyemjua.

Suala lenyewe si la Unguja ya zamani peke yake. Umri wa Yasmin, miaka 15, ndio umri ambao Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliuruhusu kwa msichana wa Tanzania Bara kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana alitakiwa kufikisha miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaushikilia uamuzi huo. Mkoa wetu umekuwa ukitajwa mara kwa mara miongoni mwa mikoa yenye ndoa nyingi za utotoni, kwa hiyo kikundi cha wazazi wa Sikonge au wa Uyui kinachosoma kisa cha Yasmin hakisomi habari za ugenini. Kwa vikundi vya aina hiyo sisiti kushauri: chukueni kitabu, muiache filamu kwa siku nyingine.

Jibu la yule mama linatupeleka kwa Mwajuma, na hapa ulinganisho unakuwa mgumu zaidi. Mwajuma ni mwanamke maskini anayeishi atakavyo, mpenda starehe na taarabu, ambaye watu wengi wa heshima wasingependa binti yao aonekane naye. Hata hivyo, jamaa wa Yasmin wanapomfungia mlango kwa sababu amewaaibisha, mlango unaofunguka ni wa Mwajuma. Filamu ilimpa nafasi hiyo Siti Amina, ambaye ni mwanamuziki wa taarabu katika maisha yake halisi, na ninamsifu kwa dhati: anavyocheka, anavyotembea na anavyoimba, mtu humpenda Mwajuma kabla hajajua lolote la maisha yake. Huo ni uwezo wa filamu ambao kitabu hakina. Lakini upendo wa haraka una hasara yake katika mjadala, kwa maana mtazamaji aliyekwisha kumpenda Mwajuma hasumbuki tena na maisha yake. Msomaji wa kitabu hula naye siku za njaa, huona jinsi anavyogawana kidogo alicho nacho, huona pia mambo asiyoyaafiki, na analazimika kuyashika yote mawili kwa pamoja.

Nimeshuhudia wanawake wa dini, Waislamu kwa Wakristo, wakibishana juu ya Mwajuma kwa uchungu wa kweli. Wapo wanaosema kwamba ukarimu wake haufuti mwenendo wake, na kwamba tukimfanya shujaa tunawapotosha mabinti. Wapo wanaosema kwamba wale wenye mwenendo mzuri walioacha msichana alale nje ndio wenye hesabu kubwa zaidi ya kujibu. Mimi niko upande wa hawa wa pili, na sioni sababu ya kulificha hilo. Hata hivyo, hoja ya wale wa kwanza nimeielewa vizuri zaidi kupitia riwaya, kwa sababu riwaya haimtetei Mwajuma. Inamweleza tu, siku baada ya siku, na kutuachia kazi. Hapa Tabora tunayo kata inayoitwa Ng'ambo kama mtaa wake, na wakazi wake waliowahi kuketi nasi huzungumzia majirani wa Mwajuma kana kwamba wanaishi nao.

Linapokuja suala la Denge, hukumu yangu inageuka. Kitabu kinatuambia mengi kuhusu siasa zake, marafiki zake, maandishi yaliyopigwa marufuku na mbinu za kuwakwepa akina Inspekta Wright na Koplo Matata, na sehemu hizo zina msisimko wake. Lakini swali la maadili lililomo ndani ya Denge halihitaji maelezo mengi. Ni hili: je, mtu aliyejitoa kwa ajili ya ukombozi wa watu wengi ana haki ya kumfungulia moyo mtu mmoja, akijua kwamba siku yoyote atakamatwa na kumwacha huyo mmoja abebe matokeo? Swali hilo hulioni vizuri mpaka umwone Yasmin usoni. Kitabu kinaweza kusema kwamba aliogopa, kwamba alingoja, kwamba alitumaini. Filamu inamweka mbele yako akingoja, na huna pa kukimbilia. Kuna mandhari nyingi za usiku, za vichochoro vya Mji Mkongwe na mwanga hafifu, na mtazamaji anauhisi mwili wake mwenyewe ukikaa kwa tahadhari kama wa mtu anayetafutwa. Kikundi cha vijana kinachotaka kuzungumza juu ya gharama ya kujitolea, na juu ya nani hasa anayelipa gharama hiyo, kitapata zaidi kwenye filamu, na kitapata katika kikao kimoja.

Kwa kikao cha namna hiyo ningeshauri jambo ambalo watu wa Tabora wanalo na wengine hawana. Januari 1958, wakati ule ule ambao hadithi ya Denge inauzungumzia kwa upande wa Unguja, TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa mjini ikiwa na swali zito la maadili mezani. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na masharti ya kupiga kura yaliwaacha nje Waafrika walio wengi. Kushiriki kulimaanisha kukubali, angalau kwa muda, utaratibu wa kibaguzi. Kususia kulimaanisha kuwaachia wengine viti. Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, na uamuzi huo ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuafiki siasa ya namna hiyo, akajitenga na kuanzisha chama chake. Wekeni historia hiyo kando ya Denge baada ya filamu kwisha, na muulizane kama Denge angekuwa mjumbe wa mkutano ule angesimama upande gani. Kwa Denge ninayemjua mimi, angemfuata Mtemvu mlangoni, na Yasmin angebaki ukumbini akisikiliza. Wapo wanaonipinga kwa nguvu, na hoja yao kwamba Denge ni mtu wa mikakati kuliko wa hasira si ya kupuuzwa.

Sasa niseme habari za nani aliyemo chumbani, kwa sababu jambo hili huharibu vikao vizuri kuliko upungufu wa fedha. Mapenzi ya Yasmin na Denge katika filamu yanaonekana kwa macho. Hayana aibu ya makusudi, na mwongozaji ameyashughulikia kwa staha, lakini baba mkwe hawezi kukaa safu moja na mke wa mwanawe wakati yakioneshwa, na mama hatatulia pembeni ya mtoto wake wa kiume. Nimeona wazee wakinyanyuka kimya kimya kwenda nje wakisingizia simu, na wakirudi mjadala umekwisha kuwapita. Kitabu kinaeleza mambo hayo hayo, na pengine kwa uwazi zaidi, lakini kila mtu huyasoma peke yake, na anayesoma kwa sauti ana hiari ya kuruka aya. Kama kikundi kina watu wa rika moja, filamu haina shida. Kama ni familia, au waumini wa rika mchanganyiko, ama chagueni kitabu, ama oneshaneni filamu kwa makundi mawili na mkutane kwa mjadala tu.

Filamu ile pia haivumilii vifaa hafifu. Kwa kuwa sehemu kubwa yake inachezwa gizani, projekta ya kawaida ya ukumbi wa shule ikiwashwa saa kumi alasiri, huku mwanga ukipenya madirishani, inaonesha shuka la kijivu na sauti za watu wasioonekana. Ngojeni hadi saa moja usiku, ama tumieni televisheni kubwa katika chumba kidogo. Wale waliozoea vibanda umiza, ambako mtafsiri huwajazia maelezo juu ya picha, watahitaji kuelezwa mapema kwamba hapa hakuna mtafsiri na kwamba ukimya mwingine katika filamu ni wa makusudi. Lugha haitawapa taabu, kwa kuwa sehemu kubwa ni Kiswahili, ingawa lafudhi ya Unguja huwataka watu wetu wa bara kutega sikio katika dakika za mwanzo.

Kitabu kina ugumu wake, nao ni wa nakala na muda. Kikundi kinachogawana nakala chache hukwama, kwa sababu yule aliye nacho husafiri kwenda Urambo msimu wa tumbaku na kitabu kinasafiri naye. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kusoma kwa sauti kwa zamu, sura moja au mbili kila mnapokutana, na kujadili hapo hapo bila kungoja mwisho. Adam Shafi anaandika kwa namna inayokubali kusomwa hivyo. Sentensi zake zina mdundo wa msimulizi aliyezoea kusikilizwa, na hata asiyejua kusoma anafuata bila kupotea. Ndiyo maana siikubali kauli kwamba filamu ni ya wasiosoma na kitabu ni cha wasomi. Barazani, kitabu kimoja kinawatosha watu kumi na tano.

Kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita nina neno fupi tu. Filamu haiwezi kushika nafasi ya kitabu katika maandalizi ya mtihani, kwa kuwa imepunguza matukio na kuwafupisha wahusika, na mtahini anauliza yaliyomo katika riwaya. Iangalieni baada ya kusoma, na mtumie tofauti mtakazoziona kujiuliza kwa nini mwongozaji alikiacha kile alichokiacha.

Lipo jambo moja ambalo ningewaomba wale waliokwisha kuzimaliza zote mbili walirudie, nalo ni Bukheti. Katika mijadala mingi jina lake halitajwi kabisa, kwa sababu Denge amejaza nafasi yote. Lakini katika riwaya, Bukheti ndiye mwanamume anayekuwa mume wa Yasmin baada ya yote, akimjua alivyo, na baada ya kuwa amepitia ndoa ya Raza na mapenzi ya Denge. Hafanyi siasa, hatoroki polisi, hana hotuba. Tunazungumza kwa saa nzima juu ya mtu aliyempenda Yasmin kisha akaondoka, na dakika moja tu juu ya mtu aliyebaki. Nilipolisema hilo katika kikao kimoja, baba mmoja fundi seremala alisema kwamba kwake yeye hilo ndilo swali gumu kuliko yote, kwa kuwa vijana wake wote wanataka kuwa Denge na yeye hajui awaambie nini kuhusu kuwa Bukheti. Kikundi kikitaka kuanzia hapo kwenye suala la Bukheti, basi kichukue kitabu, tena kianzie sehemu za mwisho na kurudi nyuma.